Tembo Akikwepa Mlima Ana Akili, Mimi Mvivu

Mpwa wangu anasomea wanyamapori Morogoro, na kila likizo huja na hesabu za kunivuruga. Safari hii ni tembo. Wataalamu humfunga mkanda wenye GPS shingoni, wakajua kila saa yuko wapi. Kisha kompyuta inamwaga nukta za kubahatisha kwenye ramani, mahali ambapo angeweza kwenda. Alipoonekana panapewa moja, pa kubahatisha sifuri. Halafu modeli inapima: ni nini kilichomvuta, maji au majani? Ni nini kilichomfukuza, mwinuko au makazi ya watu?

Akanionyesha utafiti wa Samburu, Kenya, uliochapishwa 2006: tembo hukwepa vilima. Mwili ule kuupandisha kunakula nguvu nyingi, na nguvu hizo lazima zirudi kwa kula zaidi, wakati tayari anakula sehemu kubwa ya siku. Basi tembo akasifiwa. Mimi nilipokataa chumba cha mlimani kule Kimara, dalali aliniita mvivu, tena mbele ya watu!

"Lakini Mjomba, hapa ulipo si umechagua mwenyewe?"

Nimechagua wapi? Dalali alinionyesha vyumba viwili: hicho cha mlimani, na hiki ambacho mvua ikinyesha ndoo zinaelea. Vyote kodi ya miezi sita mkononi, na mwezi mmoja wa dalali juu.

Kijana akaacha kucheka. Kumbe ugomvi mkubwa wa fani yao uko hapo hapo: nani anaamua ni wapi mnyama "angeweza" kwenda? Mmarekani Douglas Johnson alionyesha mwaka 1980 kwamba ukibadilisha orodha ya vinavyopatikana, kinachoonekana kupendwa leo kesho kitaonekana kinakwepwa. Wakiingiza Masaki na Oysterbay kwenye ramani yangu, modeli itatangaza kwamba nauchukia upepo wa bahari.

Johnson aligawa uchaguzi katika ngazi nne: eneo la dunia, himaya ya mnyama, sehemu anazotumia humo, na hatimaye chakula chenyewe. Kwangu ya kwanza waliamua wazazi, ya pili mwajiri, ya tatu dalali. Ya nne iko kwa mke wangu, na leo ni dagaa tena.

Msomaji mwenye chumba tambarare, kisichoingia maji, kodi ya mwezi kwa mwezi, anitafute. Dalali asiambiwe.