Jirani zetu watano wanaomshinda mtani wangu kwa ujana

Mtani wangu wa Newala ametimiza miaka 59 kwa mara ya tatu sasa, na kanzu anazidi kuipunguza. Mimi wa Masasi, kwa huruma tu, nimemwandalia orodha ya majirani ambao vinasaba vyao vimesomwa na kupigiwa hesabu kwenye kompyuta ili ijulikane uzee huingilia mlango gani. Tunahesabu kushuka.

5. Samaki wa dimbwi. Kwao ni Msumbiji na Zimbabwe, kwenye madimbwi ya masika. Maji yakikauka anakufa, mayai yanabaki kwenye tope yakingoja mvua. Kwa kungoja maji, huyo ni mtu wa Newala kabisa. Maabara anaishi miezi minne hadi sita, kwa hiyo mtafiti anamwona anaanguliwa, anazeeka na anazikwa kabla fedha za mradi hazijaisha. Jenomu yake ilichapishwa 2015. Ukimkata pezi la mkia linaota tena, ila akiwa mzee linaota kwa uvivu. Unguja wana ndugu yake, Nothobranchius guentheri, aliyeanza kazi hiyo ya maabara tangu miaka ya 1970.

4. Tembo wa Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule. Ana nakala 20 za TP53, jeni inayoiamuru seli iliyoharibika ijiue. Binadamu tumepewa moja. Anakula mashamba ya watu na saratani inamkwepa. Mwenye haki yake atajua mwenyewe pa kushtaki.

3. Panya miiba wa Laikipia, Kenya. Ukimkamata anakuachia ngozi mkononi na kuondoka zake, hata asilimia 60 ya ngozi ya mgongo. Mwaka 2012 Ashley Seifert na wenzake walionyesha kwamba ngozi hiyo hurudi na nywele zake, na tundu la milimita nne sikioni linaziba lenyewe. Baadaye jeni zinazowaka kwenye kidonda chake zikalinganishwa na za panya wa kawaida: huyu anajenga nyama mpya, yule anaweka kovu. Mtani, hili la kuacha ngozi na kukimbia usilijaribu kwa wadai wako.

2½. Virusi vya chikungunya, nje ya mashindano. Yeye hazeeki, anazeesha. Alitambuliwa huku kwetu, kwenye uwanda wa Makonde ulipo mji wa Newala, katika mlipuko wa 1952 na 1953, na kijana aliyemkuta anatembea ameinama kama babu yake, viungo vikiuma pengine kwa miezi. Ana herufi za vinasaba kama 11,800 tu. Mtu ana bilioni tatu. Réunion, 2005 na 2006, herufi moja ilibadilika, virusi vikakubaliana na mbu wa aina nyingine, na karibu theluthi ya kisiwa ikaugua. Newala ina mwana maarufu duniani, na hakuna anayetaka kumpokea uwanja wa ndege.

2. Fuko asiye na manyoya, wa Kenya, Ethiopia na Somalia. Sura yake kama kidole kilichokaa majini mchana kutwa, lakini anapita miaka 30 wakati panya wa kawaida hafiki minne. Mwaka 2018 kumbukumbu za mafuko zaidi ya 3,000 zilichambuliwa, ikaonekana hatari yao ya kufa haipandi na umri. Yetu hujizidisha mara mbili kila miaka minane hivi. Halafu 2022 wakapima alama za kemikali kwenye DNA yao: saa ya uzee inatembea, ila kwa malkia, anayezaa peke yake kundi zima, inatembea polepole. Kina mama wa watoto saba wanaomba maelezo.

1. Mkorosho. Umezeeka, hauzai? Unakatwa ubaki kisiki, machipukizi yanatoka, unachagua mazuri na kuyabebesha vikonyo vya mti mama uliothibitishwa na kituo cha utafiti cha Naliendele. Kikonyo kina vinasaba vilevile vya mama yake, kwa hiyo unajua utavuna nini. Vinasaba vya mikorosho navyo vimechunguzwa: Emmarold Mneney na wenzake walichapisha kazi yao 2001. Kazi ngumu ni kumshawishi mwenye shamba. Msumeno ukiwashwa anasimama mbali kama yuko msibani, anahesabu gunia za msimu zinavyoanguka na matawi. Subiri misimu michache umuulize tena. Mnadani kwa chama cha ushirika, TANECU, hawataki kujua kisiki kina miaka mingapi, wanapima unyevu wa korosho.