Dirisha la Wachumba Halipo

Nimefika umri ambao mtu hutegemea kuulizwa mambo ya presha, viwanja na mirathi. Badala yake nimekaa sebuleni kwangu Tabata, miwani puani, nasoma masharti ya viza ya Schengen ya kuingia Ulaya. Kisa, mpwa wangu kapenda.

Na kapenda mbali. Kuanzia Gongo la Mboto hadi Bunju wasichana wamejaa, wazuri, wana adabu zao, nauli ni daladala mbili. Yeye moyo wake umevuka Mediterania ukaenda kutua Leipzig, Ujerumani. Binti alikuja Moshi kujitolea kwenye shule ya chekechea. Mpwa wangu, fundi umeme, akatumwa kufunga paneli za sola kwenye shule hiyohiyo, na kazi ya siku mbili ikamchukua mwezi. Mwenye shule alidhani anapata huduma bora. Sasa binti amerudi chuoni kwao, na kijana bando lake la wiki linakata Jumanne.

Mimi na mapenzi hatuna ugomvi. Shida ni kwamba hawa watoto wanasema ndoa bado. Mmoja ana miaka 24, mwenzake 23, na wanataka kwanza wakae nyumba moja waone nani anakoroma na nani anaacha vyombo kwenye sinki. Mama wa kijana, ambaye ni dada yangu, alipolisikia hilo alikaa chini bila kutafuta kiti. Mimi nilinyamaza. Sisi mambo ya kukoroma tuliyajua baada ya kufunga ndoa, na kuna usiku naona hawa vijana wana akili.

Sasa nendeni ubalozi wowote mkaseme "bado" muone. Serikali nyingi za dunia zinamjua mtalii, mwanafunzi, mfanyakazi, mgonjwa, mkimbizi na mume. Mtu anayempenda mwenzake kwa dhati lakini anajipa muda hana fomu, hana dirisha, hana hata foleni ya kusimama akalalamika.

Kwa hiyo anaambiwa aombe viza ya matembezi. Tangu Juni 2024 ada yake ni euro 90, zamani ilikuwa 80, na wakikunyima hawarudishi. Ongeza bima ya matibabu yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Ukipewa, unaruhusiwa kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180, hesabu ambayo mpwa wangu kaifanyia mchoro ukutani kama ratiba ya ligi. Lakini kabla ya yote inabidi uthibitishe kwamba utarudi. Katika fomu ya kukataliwa kuna sababu maarufu kuliko zote: tuna mashaka ya msingi kuhusu nia yako ya kuondoka kabla viza haijaisha. Mashaka hayo huondolewa kwa barua ya mwajiri, taarifa ya benki ya miezi kadhaa, hati ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na cheti cha ndoa.

Someni tena hapo mwisho. Anayeaminika kwamba atarudi ni mwenye mke na watoto. Kijana mseja, amepanga chumba Mabibo, mkataba wa kazi wa miezi sita, huyo ndiye wa kutiliwa shaka. Maana yake mtu mwenye nafasi nzuri ya kupata viza ya kwenda kumwona mpenzi wake ni yule aliyeacha mke nyumbani! Nimelisema hili kijiweni, wazee wawili wakaguna kwa namna ambayo sikuipenda.

Kwa kuwa kijana hana kiwanja, macho yote yakageukia changu. Nikaeleza kwamba hati yenye jina langu inathibitisha kuwa mimi ndiye nitakayerudi, na mimi siendi popote. Hakuna aliyenisikiliza.

Upande wa pili nao wana yao. Ujerumani wana hati ya dhamana ambayo mwenyeji anaisaini kwenye ofisi ya wageni ya mji wake. Anaahidi kulipia chakula na malazi ya mgeni, hospitali akiugua, hata gharama za kumrudisha kwao ikibidi, na ahadi hiyo inaweza kumfunga hadi miaka mitano. Binti ni mwanafunzi anayebeba sahani mgahawani jioni, kipato chake hakitoshi. Kwa hiyo anayetakiwa kusaini ni baba yake. Mzee wa watu, hajaletewa posa, hajaona mshenga wala mbuzi, anaombwa amwekee dhamana kijana ambaye amemwona kwenye simu tu, tena picha inagandaganda. Kwetu mkwe mtarajiwa ndiye anayetoa. Nimemwambia dada yangu hiyo familia tuiheshimu, akanijibu kwamba heshima yake itaanza siku ya kutajwa mahari.

Zipo njia za kuzunguka. Ujerumani ina viza ya au pair, yaani unakaa na familia, unawaangalia watoto na kazi ndogondogo za nyumba zisizozidi saa 30 kwa wiki, unapewa chumba, chakula na euro 280 za mfukoni kwa mwezi, kwa muda usiozidi mwaka. Uwe hujafikisha miaka 27 na uwe na Kijerumani cha ngazi ya A1. Mpwa wangu alipoisoma uso ukamng'aa. Mama yake alicheka mpaka akashika mlango. Huyu kijana kwake akimaliza kula sahani hubaki palepale kama mnara wa kumbukumbu, leo akaogeshe watoto wa watu Ujerumani! Lakini mkimsikia anavyoapa kwamba atajifunza, mtajua mapenzi yana nguvu kuliko malezi ya dada yangu.

Kuna pia utumishi wa kujitolea, ambao Wajerumani waliuanzisha 2011 baada ya kusitisha jeshi la lazima. Unafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, hospitali au shule, wanakupa posho. Hii ndiyo nimeipenda, maana binti naye alikuja Moshi kwa mlango unaofanana na huo, na hakuna aliyemuuliza shangazi yake ana maoni gani. Njia ya chuo ni nzuri pia kama una akaunti yenye euro 11,904 zimefungiwa humo kwa mwaka wa kwanza, zaidi ya milioni 30 za kwetu. Sisi akaunti yenye fedha hizo tunaionaga kwenye tamthilia. Na tangu Juni 2024 kuna kadi ya kutafutia kazi: unakusanya pointi sita, kwa elimu, lugha, uzoefu, na ukiwa chini ya miaka 35 unapata pointi mbili za bure. Ni mara ya kwanza naona ujana wa mpwa wangu unahesabiwa kuwa faida. Ila nayo inataka fedha za kujikimu, tumerudi palepale.

"Mjomba," akaniuliza jioni moja kwa huzuni, "kwa nini mwenzangu hakuzaliwa Uholanzi?"

Ana hoja. Uholanzi haimlazimishi mtu kuoa. Wawe wote wametimiza miaka 21, waonyeshe kwamba uhusiano ni wa kudumu na hakuna mwingine pembeni, mwenyeji awe na kipato cha kueleweka, na anayekwenda afanye mtihani wa Kidachi na wa maisha ya Uholanzi kabla hajatoka kwao, anaufanyia ubalozini. Sweden nao wanapokea wapenzi wanaokusudia kukaa pamoja, hata kama hawajawahi. Uingereza zamani walitaka muwe mmeishi nyumba moja miaka miwili, jambo lisilowezekana kwa watu waliotenganishwa na viza hiyohiyo wanayoiomba. Mwaka 2024 wakalegeza: sasa inatosha uhusiano unaofanana na ndoa kwa miaka miwili. Nadhani wanapima kwa idadi ya ugomvi kuhusu bili ya umeme. Walipomaliza kulegeza hapo wakakaza kwingine, kipato cha mwenyeji kikapandishwa hadi pauni 29,000 kwa mwaka.

Marekani ndiyo iliyomfurahisha shangazi wa kijana. Huko kuna viza ya wachumba, ila mkishatua mna siku 90 za kufunga ndoa, zikipita hujaoa unarudi kwenu. "Hiyo sasa ni serikali," akasema, akapigia mstari kwa kalamu ya kamati ya harusi, kamati ambayo bado haina harusi.

Na hapo ndipo ninapokorofishana na ukoo. Wao wanasema si waoane tu, wapate karatasi, mengine yatafuata? Nimesoma hayo mengine. Mke au mume wa Mjerumani naye anadaiwa A1 kabla ya kupewa viza ya kumfuata mwenzake. Watu hukimbilia Denmark, kuna kisiwa kinaitwa Ærø kinachofungisha ndoa za wageni haraka haraka, lakini kufika Denmark kwenyewe kunataka viza ya Schengen, na cheti cha ndoa si kibali cha kuishi. Halafu akishakaa Ujerumani kama mume, kibali kinaegemea ndoa. Ndoa ikivunjika kabla ya miaka mitatu ya kuishi pamoja, kwa kawaida na kibali kinamponyoka. Yaani vijana waliotaka kujua kama wanaivana wanaambiwa waape kwanza, na wakigundua hawaivani wavumiliane miaka mitatu kwa sababu ya karatasi. Halafu serikali hizohizo zina maofisa wa kuchunguza ndoa za mashaka! Mashaka mmeyapanda wenyewe, mnashangaa nini yakiota?

Nilisema basi binti aje huku. Hapa Tanzania viza ya matembezi kwa Mjerumani ni dola 50, anajaza mtandaoni au analipia palepale uwanja wa ndege wa KIA, anapewa siku 90. Hakuna anayemwomba hati ya shamba la babu yake. Tatizo linaanza siku ya 91. Kwetu pasi ya mtegemezi imewekwa kwa mke, mume na watoto, mpenzi hayumo. Na sisi dirisha hatuna, tusijifanye. Anaweza kuandikishwa kozi ya Kiswahili, chuo cha SUZA kule Zanzibar au Chuo Kikuu pale Mlimani, akaomba kibali cha daraja C cha wanafunzi. Hapo watakuwa wamefikia usawa: yeye anakariri ngeli, kijana anakariri artikeli za Kijerumani, wakipigiana simu wanasahihishana mpaka vocha inaisha.

Lakini asikae sana. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi na mtaa ukawatambua kama mke na mume, watachukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mtaa wa Tabata unavyojua kutambua! Mama muuza chapati atamwita "mke wa fundi" kuanzia wiki ya kwanza, mwenye nyumba atatoa ushahidi bila kuitwa. Ulaya watasema hawa hawajaoana, waende zao, sisi tutasema wameoana zamani, tunadai pilau.

Mimi nilimpa ushauri wa kiutu uzima mapema: penda Mombasa. Unapanda basi, unapita Horohoro, hakuna viza, mkikosana unarudi na basi hilohilo. Akaniangalia kama nimemtukana marehemu. Nikamwambia basi wakutane Afrika Kusini, huko Mtanzania na Mjerumani wote hawahitaji viza kwa matembezi mafupi. Hilo wamelichukua, kilichobaki ni tiketi, na tiketi wameniangalia mimi.

Kitu kingine kinachonikera ni ushahidi. Nchi zinazokubali wapenzi zinataka picha, tiketi, risiti, meseji. Kwa hiyo mpwa wangu anaweka faili. Kila anachoandikiwa anakipiga skrinishoti. Ofisa fulani aliyesoma sheria miaka mitano atakaa kiti cha kuzunguka kusoma "umekula?" na "nimekula, wewe?" kurasa mia mbili, kisha aamue kama haya ni mapenzi. Picha nazo wanazipenda zenye ndugu, ndiyo maana siku hizi nikienda kwa dada yangu navaa shati la kola.

Nilipofika mimi ni hapa. Kijana aanze A1 leo, kwa kuwa au pair wanaidai, mume anadaiwa, na kwenye kadi ya pointi inasaidia. Aombe utumishi wa kujitolea, au viza ya au pair kabla miaka 27 haijamkuta. Binti aje likizo kwa dola zake 50. Ndoa iachwe ilipo mpaka wenyewe waseme. Kwa waheshimiwa wa Ulaya na wabunge wetu wa Dodoma, ombi langu ni dogo: tengenezeni kibali cha mwaka mmoja kwa wapenzi wazima wenye bima na mdhamini, waishi, wakoromeane, wajuane, kisha waamue. Itawapunguzia ndoa za mashaka kuliko maofisa wote mliowaajiri.

Na nyinyi wajomba wenzangu, kijana akija na mahaba yake kuomba hati ya kiwanja, mtoleeni nakala. Ile halisi msiitoe ndani.