Namna ya Kuziba Memori Inayovuja Kwenye Mashine Pepe Bila Kungoja Umeme Ukatike

Jambo la kwanza: acha kuushukuru umeme unapokatika. Hapa Lubumbashi, kuanzia ofisi za katikati ya mji hadi Kampemba na Ruashi, kuna seva zinazosifiwa kwa afya njema ilhali hazijawahi kukesha siku kumi mfululizo. Zinazimika, zinawaka, memori yote imerudi, na fundi anaitwa mtaalamu. Halafu ofisi inanunua paneli za jua na betri. Seva inakaa macho wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Mwisho wa mwezi, mishahara ikiandaliwa, Linux inaishiwa memori na kuiua mashine pepe ya uhasibu. Kikao kinaitishwa, na mshtakiwa ni betri. Betri haina kosa hata moja. Imefichua ugonjwa uliokuwepo tangu siku seva ilipowekwa. Kuzima na kuwasha si tiba, na anayeiuza kama tiba apokonywe ufunguo wa chumba cha seva leo hii.

Sasa tumtafute mwizi. Kwenye Linux, kubeba mashine pepe kadhaa ndani ya seva moja ni kazi ya KVM, iliyoingia kwenye keneli toleo 2.6.20, Februari 2007, ikisaidiana na QEMU, programu aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka 2003. QEMU ndiyo inayoigiza diski, kadi ya mtandao, hata kadi ya sauti, ili mashine mgeni iamini kwamba ina mwili wake. Kila kifaa cha kuigizwa hukopa memori ya mashine mwenyeji. Ni viti vya kukodi vya matanga: vimetoka kwa hesabu, virudi kwa hesabu. Memori iliyovuja ni viti vilivyobaki uani baada ya waombolezaji kwenda zao, na daftari la kukodi limepotea. Programu imepoteza kielekezi cha kipande ilichokopa, kwa hiyo haiwezi kukirudisha hata ikitaka.

Kabla ya kupiga kelele, hakikisha kweli kuna kinachovuja. Amri ya free imewatia watu wengi homa ya bure, kwa sababu Linux hutumia memori iliyolala kuhifadhi mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia mara inapohitajika. Soma safu ya mwisho, «disponible» kama seva yako inasema Kifaransa, uache ile ya «libre» ikusanye vumbi. Pili, mashine pepe uliyoipa GB 4 ina haki ya kuzitumia zote, na QEMU yenyewe itaongeza kidogo juu yake. Ikifika GB 7 na bado inapanda huku mashine mgeni ikisema haina shida yoyote, hapo mkopaji yuko kwenye mwenyeji. Na kama hakuna programu inayovimba lakini memori inazidi kuyeyuka, angalia SUnreclaim ndani ya /proc/meminfo, kisha slabtop. Huenda mdaiwa ni keneli yenyewe.

Usiandike takwimu peke yake. Pembeni yake andika na tukio. Saa nne, nakala ya akiba. Saa sita, diski imechomekwa na kuchomolewa. Memori hii huvuja kwa kufuata matukio zaidi kuliko kufuata saa. Ukishamjua mshukiwa, mchokoze: andika kitanzi kinachochomeka na kuchomoa kifaa kilekile mara 1,000, utazame mstari wa matumizi. Ukipanda kwa ngazi zinazolingana, umemkamata. Mwaka 2016 na 2017 QEMU ilikutwa na mfululizo wa kasoro za namna hii: kadi ya mtandao eepro100, kadi za sauti AC97 na ES1370. Kifaa kikichomolewa, sehemu ya memori kilichokopa ilibaki. Kwenye eepro100 kilichosahaulika kilikuwa kipande kimoja, vmstate, kilichotengwa kifaa kinapoanzishwa na kisichoachiwa kinapoondoka. Mtu mwenye mamlaka ndani ya mashine mgeni angeweza kurudia mchezo huo hadi mwenyeji azimie pamoja na wageni wengine wote, ndiyo maana kasoro hizo zilipewa nambari za CVE kama matundu ya usalama. Dawa yake? Mistari michache ya msimbo.

Vifaa vya kazi vipo, na vyote ni vya bure. Valgrind iko tangu 2002. LeakSanitizer hukuonyesha, programu inapomalizika, mstari uliokopa bila kulipa. Kwa keneli kuna kmemleak, iliyoingia na toleo 2.6.31 mwaka 2009. Kila dakika 10 huipekua memori ikitafuta vipande visivyoelekezwa na mtu yeyote. Lakini usiiabudu. Orodha inayorefuka milele bila kupunguzwa bado ina mwenyewe, na kmemleak itaipita ikiisalimia kwa heshima. Hapo hakuna njia ya mkato, ndugu yangu: keti, usome msimbo.

Na ukisoma, anzia mahali pabaya. Waandishi wa msimbo huijaribu njia ya mafanikio mpaka ing'ae. Njia ya kushindwa huiachia bahati. Funksheni inachukua vitu vitano, cha nne kinakataa, inarudi na ujumbe wa kosa huku vitatu vya kwanza vimeshikwa na mtu ambaye hayupo tena. Kwa hiyo isome kutoka chini kwenda juu, ukiuliza kwenye kila «return»: hapa nimeshika nini? Kilichochukuliwa mwisho kiachiwe kwanza. Kuna g_autofree ya GLib inayoachia yenyewe, na QEMU inaitumia, ila usiibandike kwenye kipande ulichokwisha kumkabidhi mwingine. Utakiachia mara mbili, na hilo ni baya kuliko kuvuja: memori inayovuja huua polepole, lakini kuachia mara mbili huharibu data na kumfungulia mdukuzi mlango.

Wakubwa wamekwama hapohapo. EC2, huduma ya mashine pepe ya Amazon, ilijengwa Cape Town na timu ya Chris Pinkham juu ya msimamizi wa mashine pepe aitwaye Xen, ikafunguliwa kwa majaribio mwaka 2006. Tarehe 22 Oktoba 2012, kwenye vituo vya Amazon vya Virginia ya Kaskazini, seva moja ya kukusanya taarifa iliharibika ikabadilishwa, lakini anwani mpya haikuenea kwenye mashine zote. Programu ndogo zilizokuwa ndani ya seva za diski ziliendelea kuitafuta seva isiyokuwepo, na kila jaribio lililoshindwa lilivujisha memori kidogo. Seva za diski zikakosa pumzi, na tovuti kubwa kama Reddit zikaanguka nazo. Programu ile haikuwa hata na kazi muhimu!

Ndipo ninaposema fundi wa Lubumbashi ana jambo ambalo mwenzake wa Virginia hana. Kwetu mtandao hukatika mchana kweupe, diski ya mbali haijibu, nakala ya akiba hukwama nusu. Njia za kushindwa, ambazo wengine huzisoma kwenye karatasi tu, mashine zetu huzipita kila wiki. Mwanafunzi wa Polytechnique ya UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, mwenye kompyuta ya zamani na subira ana maabara ambayo hainunuliki. Inaniuma kuona maarifa hayo yakiishia kwenye kitufe cha kuwashia.

Kwa hiyo ukishaziba, rudia kitanzi chako mara 1,000. Mstari ukilala, usiifiche dawa kwenye seva ya ofisi. Ipeleke kwa wasimamizi wa mradi wenye msimbo huo, kama QEMU. Eleza toleo ulilotumia, kitanzi chako, na ripoti ya LeakSanitizer kabla na baada, uweke mstari wa Signed-off-by wenye jina lako. Watakurudishia wakitaka mabadiliko. Humrudishia kila mtu. Rekebisha, andika v2, yaani toleo la pili, na chini yake taja ulichobadilisha.