Mfereji Mmoja, Vinywa Vinne

Kijiji cha Wema kipo kando ya Tana, mto mrefu kuliko yote Kenya, na mkulima wa huko hahitaji kuelezwa kwamba mfereji ukigawanywa mara nne maji hayaongezeki. Ajabu ni kwamba hekima hiyo huachwa mlangoni mwa duka la kompyuta. Habu ya USB yenye matundu manne hununuliwa kana kwamba imeleta mito minne, ilhali nyuma yake pana waya mmoja tu unaoingia kwenye kompyuta. Kwa USB 2.0, waya huo hauzidi megabiti 480 kwa sekunde, yaani megabaiti 60 za kwenye karatasi. Kwa kweli ni pungufu. Diski, flashi na kamera zikinyonya pamoja, kila moja hupata funda lake.

Atateta mwenye habu: "Yangu ni USB 3.0, gigabiti 5!" Hongera. Lakini ukiichomeka kwenye tundu la kale la USB 2.0 la kompyuta, hurudi kwenye 480 zile zile. Mwingine, faili zikijikokota, atalaumu virusi, jini lisilokosa kesi. Basi tupime: chomeka diski moja kwa moja kwenye kompyuta, nakili faili ile ile, utazame saa. Ikienda mbio, mkosaji ni habu, au uchache wa umeme inaougawa. Ikijikokota vile vile, habu haina kosa; mvivu ni diski, au tundu la kompyuta. Kugawa si kuongeza. Wema wanalijua hilo bila kompyuta.