Jiko Lenye Feni na Ugali wa Mama Mkwe

"Nyar Gem," mama mkwe aliniita kwa jina la kwetu akasema, mwiko mkononi, mbele ya akina mama wa kanisa lake aliokuja nao kutoka Asembo, "huu ugali ni wa kula au wa kunywa?"

Hiyo ilikuwa Jumapili. Leo ni Jumatano na masikio bado yananiwaka. Sufuria ilikuwa na kitu kisicho uji na kisicho ugali, madonge meupe yakielea kwenye maji vuguvugu, na chini yake lile jiko lililonigharimu bei ya mbuzi likipuliza upepo wa baridi. Feni ilifanya kazi vizuri kabisa. Moto ndio haukuwepo.

Samaki aina ya ngege walikuwa wameshaiva kwa mkupuo wa kwanza, mchuzi umetulia, sukuma wiki imekatwakatwa. Maji ya ugali yakachemka, nikatia unga, nikaanza kusonga, na hapo moto ukazimika. Haukufifia wala kutoa onyo. Ulizimika tu, kama mtu aliyekata simu. Mama mmoja, kwa wema wake, akachota konzi mbili za vidonge vya unga wa mbao, ndivyo kuni za jiko hili, akazitupa juu ya makaa yaliyobaki. Moshi mweupe, mzito, ukajaa jikoni, ukapita sebuleni, ukatoka dirishani kuwasalimu majirani wa mtaa wetu wa Migosi, Kisumu. Mweka hazina wa kikundi chao akasema moshi ule unahitaji kiberiti. Kwa hilo alikuwa sahihi kisayansi. Akawasha njiti, pakalia wuup, na nyusi zake zikapungua.

Mtoto wa jirani akapiga kelele kwamba nyumba inaungua. Vijana wa bodaboda wakaingia na beseni za maji, wakazimwaga kwenye jiko, kwenye gunia la vidonge na kwenye kiatu cha mama mkwe. Ajabu ya vidonge ni kwamba vikilowa havibaki vidonge. Vinavimba, vinafumuka, vinarudi kuwa unga wa mbao, na gunia likaanza kutapika uji wa kahawia sakafuni. Mama mkwe hakusema neno tena. Alishika sufuria kwa leso, akavuka ua, akaiweka juu ya jiko la makaa la jirani yangu muuza samaki, akasonga. Muda si muda jirani akaja mlangoni akiwa amebeba ugali wetu wenyewe, akitupa pole, kana kwamba ni msaada wa mafuriko.

Lazima nilieleze jiko hili, maana hata baada ya aibu hiyo nalistaajabia. Siri yake ni kwamba ndimi za moto tunazoziona kwenye kuni si za kuni zenyewe. Ni moshi wake unaowaka. Mti ukipata joto la kama nyuzi 300 unavunjika ndani na kutoa gesi, haidrojeni na kaboni monoksidi zikiwemo, pamoja na mvuke wa lami. Kwenye mafiga sehemu ya gesi hiyo hutoroka kabla ya kuungua, na ndiyo inayotutoa machozi. Jiko la vidonge huikamata kabla haijatoroka. Unajaza mkebe wa chuma, unawasha kutoka juu (ndiyo, juu, mama yangu mzazi aliuliza ni nani aliyeniroga), na feni ndogo iliyo chini inasukuma hewa kidogo katikati ya vidonge. Moto unashuka tabaka kwa tabaka, gesi inapanda, na ikifika mdomoni inakuta duara la matundu yanayoleta hewa ya pili. Hapo ndipo inapowaka, kwa ndimi safi zinazotoka kila tundu, bila masizi kwenye sufuria. Yaani una kiwanda cha gesi chini ya mboga! Mmarekani Thomas Reed alianza kulihangaikia wazo hili mwaka 1985, na Mnorwe Paal Wendelbo akalifikia kivyake, akalifanyia kazi kaskazini mwa Uganda. Jioni nyingine huwa nazima taa ili niyatazame tu yale matundu.

Vidonge navyo ni maarifa matupu. Unachukua unga wa mbao au makapi ya miwa, unayakausha hadi unyevu ubaki chini ya asilimia 10, unayakandamiza kwa nguvu kupitia matundu ya milimita 6 au 8. Msuguano unaleta joto, joto linalainisha lignini iliyo ndani ya mti, na lignini inakuwa gundi. Hakuna kilichoongezwa. Na sisi tunaoishi karibu na Chemelil na Muhoroni si watu wa kukosa makapi ya miwa.

Tatizo ni kwamba gesi ya mkebe mmoja ikiisha, imeisha. Huwezi kuchochea. Huwezi kuongeza, kama nyusi za mweka hazina zinavyoshuhudia. Unangoja mkebe upoe, unamwaga makaa, unajaza, unawasha upya. Ugali haungoji.

Shemeji yangu aliyeko Minnesota ana jiko la vidonge hivyohivyo, ila lake limepachikwa ndani ya ukuta, mahali wenye nyumba wa zamani walipowashia magogo ya kuota. Juu lina sanduku la kumwagia gunia zima. Ndani kuna mota inayozungusha parafujo ndefu, na parafujo inadondosha vidonge vichache vichache usiku kucha, kwa kiasi ambacho kipimajoto kimeagiza. Linajiwasha, linajizima. Majiko ya namna hiyo yalishika kasi Marekani miaka ya 1980, na mmoja wa waasisi wake, Jerry Whitfield, alikuwa mhandisi wa ndege. Nililitazama kwenye video nikiwa na mwiko mkononi. Shemeji hapiki chochote juu yake. Anaota miguu. Mtu anayeota miguu amepewa mashine inayolisha moto bila kukoma hadi asubuhi. Mtu anayesonga ugali wa wageni amepewa mkebe. Kisumu, mita 1,131 juu ya usawa wa bahari na ikweta hapo kaskazini kidogo tu, hatuna haja ya kupashiwa nyumba. Wenye haja hiyo wako Kericho, na wana blanketi. Sisi tulichohitaji ni ile parafujo.

Mikasa mingine ya jiko hili ni midogo. Mvua za masika ziliingia storini, nusu ya akiba ikawa unga. Paka alilala juu ya feni. Feni inataka chaji, na stima yetu mnaijua: tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alianguka juu ya transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, nchi nzima ikakaa bila umeme zaidi ya saa tatu. Tumbili alipona. Wakati ule nilipikia makaa, kwa hiyo nilicheka na wenzangu. Sasa tumbili akiteleza Gitaru, ugali unalala Migosi.

Lakini kuna jambo ambalo silicheki. Mwaka 2018 mafuta ya taa yaliongezwa tozo ya shilingi 18 kwa lita. Mwaka huohuo ukataji wa miti katika misitu ya umma ukasimamishwa, makaa yakapanda. Tukahamia gesi. Julai 2021 gesi ikarudishiwa kodi ya asilimia 16. Ilishushwa hadi 8 mwaka uliofuata, na kuondolewa 2023, wakati ambapo wengi walikuwa wameshauza mitungi. Katikati ya kukimbizwa huko ndipo wakaja watu wenye fulana safi na jiko lenye feni. Walitupiga picha. Walituwekesha sahihi kwenye karatasi inayosema kwamba moshi ambao hatutautoa ni mali yao, watauuza ng'ambo kwa wenye viwanda. Kisha aliyetuuzia vidonge akahama, simu yake haipatikani, na jiko limebaki na sisi. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipiga hesabu za miradi ya majiko duniani wakaona kwamba faida iliyouzwa kwa jina la moshi wa namna hiyo ilitiwa chumvi karibu mara 9. Chumvi hiyo sikuionja.

Jana alikuja kijana na kompyuta ya mkononi na kipande cha sabuni cha zawadi. Aliuliza natumia jiko mara ngapi kwa wiki. Nikaitazama sabuni, nikasema kila siku. Akauliza kama bado kuna moshi nyumbani. Nikamwambia upo, tena mwingi, wa Jumapili, ila nimeuweka akiba, bei ikipanda nitauuza mwenyewe.