Sanduku la Betri Halifungwi kwa Selotepu

Fungua sanduku la betri la kujitengenezea na utajua papo hapo mwenyewe alibana matumizi wapi. Betri ni mpya, imenunuliwa kwa fedha za upatu. Inveta inang'aa. Sanduku lina mpini mzuri wa kubebea. Kisha macho yanafika kwenye maungio: nyaya mbili zimesokotwa kwa vidole, zikazungushiwa selotepu nyeusi, na mwenyewe akasema kazi imekwisha.

Haijakwisha. Hapo ndipo sanduku hufia, na hapo ndipo moto huanzia. Betri nzuri iliyoungwa vibaya ni hatari kuliko betri mbovu, maana betri nzuri ina nguvu ya kuunguza. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia pale ambapo fundi wa selotepu alichoka.

Tuchukue sanduku lililo la kawaida kwa nyumba au biashara ndogo: betri moja ya lithiamu, aina ya LiFePO4, ya volti 12.8 na ampea-saa 100. Ina seli nne za volti 3.2 zilizopangwa mfululizo, na ikijaa inabeba wati-saa 1,280. Taa za wati 40 zinaweza kuwaka kwa saa 30 hivi. Mgao wa umeme hautakubabaisha tena, mradi maungio yawe yamefungwa kwa akili.

Hatua ya kwanza: Piga hesabu kabla ya kwenda dukani

Chukua kalamu. Gawanya wati za kila kifaa kwa volti 12, upate ampea. Chaja ya simu ya wati 20 inakula chini ya ampea 2. Taa za wati 40 ni ampea 3 na kitu. Spika ya mkutano ya wati 120 ni ampea 10. Inveta ikibebeshwa wati 1,000 inavuta ampea 83, na ukiongeza kile inachokipoteza yenyewe kwa joto, unavuka 90.

Sasa linganisha na umeme wa ukutani. Wati 1,000 hizo hizo kwa volti 230 ni ampea 4 na ushee. Ndiyo maana waya mwembamba wa pasi haupati shida ukutani, lakini ukiufunga kati ya betri na inveta unayeyuka. Volti ndogo si umeme mdogo. Volti 12 hazikurushi ukizigusa, ila zinaweza kuichoma nyumba.

Joto la kwenye kiungo hukua kwa mraba wa ampea. Kiungo kibovu chenye ukinzani wa miliomu 10 tu, kikipitisha ampea 30, kinatoa wati 9 za joto mahali padogo kuliko ukucha. Ampea zikiwa 60, joto haliongezeki mara mbili bali mara nne, likawa wati 36. Ni sawa na kuacha chuma cha kuchomea risasi kikiwaka ndani ya sanduku la plastiki, kisha ukaenda kulala.

Hatua ya pili: Wakatae hawa watatu

Wa kwanza ni plagi ya pini tatu. Tanzania, Kenya na Uganda tunatumia plagi ya Kiingereza ya pini za mstatili, iliyowekewa kiwango cha BS 1363 mwaka 1947. Ni plagi bora, na kazi yake ni umeme wa ukutani. Wapo wanaoifunga kwenye sanduku la volti 12 kwa sababu inapatikana kila duka. Sasa mtoto anachukua taa yako ya volti 12, anaona plagi anayoijua, anaichomeka ukutani, na taa inapasuka mkononi. Mtoto hajakosea hata kidogo. Amefanya kile ambacho plagi ilimwambia afanye. Konekta ya volti 12 isiweze kuingia popote penye volti 230, na hapa sina mjadala.

Wa pili ni tundu la kiberiti cha gari. Lilibuniwa kupasha moto kiberiti cha sigara kwa sekunde chache. Plagi yake hushikiliwa na springi tu. Sanduku likitikisika inalegea, na ikilegea inachemka. Kwa chaja ya simu, sawa. Kwa zaidi ya ampea 10, hapana, hata kama kibandiko cha dukani kinasema 20.

Wa tatu ni klipu za mamba. Hizo ni za kupimia, na za kumwashia mwenzako gari lililokufa betri barabarani. Hazina kufuli wala kifuniko, na hazijui chanya wala hasi. Zikigusana, betri ya lithiamu inaachia mamia ya ampea kufumba na kufumbua. Sanduku la kubebwa hulazwa ubavu, husukumwa chini ya kiti cha daladala, hukaliwa na watoto. Klipu haina nafasi humo.

Hatua ya tatu: Chagua konekta inayojua kukataa

Konekta nzuri inakukatalia kabla hujaharibu. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, na bei inafuata baadaye.

Kwa kazi za kila siku nachagua Powerpole ya kampuni ya Anderson. Nusu zake mbili zinafanana kabisa, hakuna dume wala jike, kwa hiyo kila kifaa chako kinaingia kwenye kila tundu la sanduku, na waya wa kuongezea urefu unaungwa upande wowote. Vyuma vya ndani vya ampea 15, 30 na 45 hukaa kwenye ganda lile lile. Unachagua kulingana na unene wa waya. Waendesha redio wa ridhaa nchini Marekani wameifanya konekta yao ya kawaida wakati wa maafa, kwa sababu mgeni akifika na redio yake, inaingia bila kuuliza mtu. Ili nawe ufaidi hivyo, amua mpangilio mmoja wa ganda jekundu na jeusi, uufuate kwenye kila kifaa bila kuugeuza.

Kama Powerpole ni adimu mjini kwako, tumia XT60 ya njano, ile inayopendwa na watu wa droni. Ni ya bei nafuu na ina kona zilizokatwa ili usiweze kuigeuza. Ila hii ina dume na jike, na upande wa betri lazima uwe jike. Shaba ya jike imefichwa ndani ya plastiki. Pini za dume zinagusika, na chochote kinachogusika kwenye betri siku moja kitaguswa na bisibisi.

Kwa mizigo ya kati kuna SB50, nayo ya Anderson. Rangi ya ganda lake hufuata volti: njano kwa 12, nyekundu kwa 24, kijivu kwa 36, buluu kwa 48, na rangi tofauti hazikubali kuingiliana. Huo ndio ukaidi tunaoutaka.

MC4 iachie paneli za sola, ndiyo kazi yake. Na inveta ya wati 1,000 usiipitishie konekta ndogo yoyote. Ifunge kwa lagi (kichwa cha chuma chenye tundu, kinachobanwa kwenye ncha ya waya) na boliti, kwa waya wa milimita 25 za mraba, mfupi kadiri sanduku linavyoruhusu.

Hatua ya nne: Nunua shaba, kisha ilinde

Kwenye waya, pima njia ya kwenda na ya kurudi. Spika iliyo mita 3 kutoka kwenye sanduku ina mita 6 za shaba. Waya wa 2.5 ukipitisha ampea 20 katika urefu huo unapoteza volti 0.84 njiani. Waya wa 6 unapoteza 0.35. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya inveta ilie na kuzima wakati betri bado imejaa, na mwenye betri akaanza kumtukana muuzaji.

Kabla ya kulipa, kwangua ncha ya waya kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Ni nyepesi mkononi, inapitisha umeme kwa takriban theluthi mbili tu ya shaba halisi, na hukatika upesi ikikunjwa. Mrudishie mwenye duka, mshukuru, nenda duka la pili.

Fyuzi hailindi taa wala simu. Inalinda waya. Kwa hiyo inafungwa kwenye chanya, karibu kabisa na betri, isizidi upana wa kiganja. Fyuzi ya mwisho wa waya imeuacha waya wote nyuma yake bila mlinzi. Kwa matawi madogo tumia fyuzi za gari za vibapa: nyekundu ampea 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Waya wa 2.5 upewe ya njano. Kwenye betri yenyewe weka fyuzi kuu ya boliti. Aina ya MRBF hukaa juu ya kichwa cha betri, na imetengenezwa kukata shoti ya hadi ampea 10,000 kwa volti 14.

Swichi ya saketi ya nyumbani usiilete humu. Umeme wa ukutani unapita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, na cheche hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa betri haupiti kwenye sifuri, na cheche inaendelea kula chuma. Tafuta iliyoandikwa DC. Na anayeweka kipande cha waya badala ya fyuzi iliyokatika ameng'oa king'ora kwa sababu kinapiga kelele.

Hatua ya tano: Bana, usisokote

Vua pete na saa. Zungushia selotepu mpini wa spana. Hiyo ndiyo kazi pekee ninayoipa selotepu katika sanduku hili. Acha fyuzi kuu ikiwa nje mpaka mwisho.

Menya waya milimita 8, si zaidi. Usikate uzi hata mmoja wa shaba. Ingiza shaba ndani ya chuma cha konekta mpaka nyuzi zote zimezama, kisha bana kwa koleo la kubania lenye kinywa kinacholingana na chuma hicho. Plaizi ya kawaida inakibamiza tu chuma na kuacha hewa kati ya nyuzi. Sasa vuta kwa nguvu zako. Kikitoka, kingetoka barabarani. Kikikaa, kisukume ndani ya ganda mpaka usikie tik, kisha vuta tena.

XT60 inataka risasi. Pasha moto kikombe chake mpaka risasi iyeyuke yenyewe na kutiririka kati ya nyuzi, vika mpira wa kusinyaa kwa joto, halafu ushikize waya kwenye sanduku. Risasi hupanda ndani ya waya na kuufanya mgumu, na waya unaotikiswa hukatikia hapo hapo ugumu unapoishia.

Lagi ikae uso kwa uso na kichwa cha betri, na washa iwe juu yake. Washa ikiingia katikati, ampea zote zinalazimika kupita kwenye kipande cha chuma cha bei rahisi. Na kama sanduku linakwenda ziwani na taa za dagaa, matundu yatazame pembeni, kila moja na kifuniko chake, maana maji huingia kwa juu.

Hatua ya sita: Jaribu kabla hujaliamini

Washa mzigo mkubwa zaidi utakaoutumia, kwa nusu saa. Gusa kila kiungo kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu inavumilika; kinachokufanya uondoe mkono kinafunguliwa na kufungwa upya. Kisha weka mita kwenye milivolti na upime pande mbili za konekta mzigo ukiwa unawaka. Kwa ampea 20, milivolti 20 ni kiungo safi, kinachopoteza wati 0.4 tu. Milivolti 200 ni wati 4, na hiyo ni konekta inayoanza kuiva.

Mwisho, mpe sanduku mtu ambaye hakukuona ukilitengeneza. Mzimie taa na umwambie aunganishe kila kifaa kwa kupapasa. Akiweza kukosea popote, kosa ni la konekta uliyoichagua, na dawa yake ni kubadili konekta. Maelezo marefu hayatamsaidia gizani.