Sifa za Mtetemo wa Injini Kongwe

Katika malalamiko yote ya mwenye gari la kale la michezo, yakiwemo kutu ya milangoni, kiti kilichobonyea na bei ya vipuri, hakuna kinachotukanwa kama mtetemo wa injini gari likiwa limesimama, na hakuna kilichodhulumiwa sifa zake kama huo. Mafundi wa Tanzania huiita sailensi ile hali ya injini kuunguruma yenyewe bila kukanyagwa mafuta. Sailensi mbovu ni ile inayopanda na kushuka bila kuamriwa, inayokohoa, na inayotikisa kioo cha pembeni hadi bodaboda mmoja aliye nyuma akaonekana wawili. Washairi wa pwani waliusifu mnazi kuanzia mizizi hadi makuti, lakini mtetemo huu haujapata wa kuutungia hata ubeti.

Mfano unaofaa ni Datsun 240Z, gari lililotoka Japani mwaka 1969 na kujulikana huko kwa jina la Fairlady Z. Afrika Mashariki haihitaji kutambulishwa kwake, kwa kuwa ndilo lililoshinda mbio za Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,393, nayo hulishwa na kabureta mbili za Hitachi zilizofuata muundo wa SU wa Uingereza. Herufi hizo zinatokana na Skinners Union, jina la ndugu wa ukoo uliokuwa na biashara ya viatu, na kabureta zao za mwanzo zilikuwa na kiriba cha ngozi ndani yake. Huenda asili hiyo ya kishona viatu ndiyo inayofanya kabureta hizi zidai kukazwa na kulegezwa kila zinapochakaa.

Sifa ya kwanza ya mtetemo ni ukweli. Gari likiwa katika mwendo wa kasi, mlango wa hewa wa kabureta huwa wazi, hewa hupita kwa wingi, na ufa mdogo kwenye gasketi ya manifoldi, yaani lile bomba lenye matawi linalogawa hewa na petroli kwa silinda, huongeza hewa kidogo mno kiasi kwamba injini haijali. Gari likisimama mambo hugeuka: mlango ule hukaribia kufungwa, pistoni huvuta zisipate, ombwe hujaa ndani ya manifoldi, na ufa uleule ambao barabarani haukuwa kitu sasa huingiza sehemu kubwa ya hewa yote inayonywewa. Basi gari linalokwenda linaweza kuficha aibu zake, lakini lililosimama haliwezi, na mtetemo ndio ulimi wake.

Hesabu inathibitisha hivyo. Injini hii husubiri kwa mizunguko takriban 750 kwa dakika, na kila silinda huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo silinda moja ikifa, pengo lake hujirudia mara sita na ushei kwa sekunde, mwendo ambao makalio ya binadamu huutambua bila elimu yoyote. Mafundi husema gari linamisi, yaani kuna silinda isiyowaka zamu yake inapofika. Kwa mizunguko 4,500 pengo hilohilo hujirudia zaidi ya mara thelathini na saba kwa sekunde na kuzama ndani ya mngurumo, na dereva hujisifu kwamba gari limechangamka.

Magari ya siku hizi yamenyimwa fadhila hii. Kompyuta yake ikihisi hewa ya wizi huongeza petroli, na ikihisi injini inalegea hufungua njia ya hewa ya akiba, na hufanya hivyo kimyakimya kwa miezi mpaka siku inaposhindwa, ndipo inapowasha taa ya rangi ya chungwa isiyoeleza lolote. Ni mtumishi anayefunika mashimo ya ukuta kwa picha.

Sifa ya pili ni kwamba mtetemo hufundisha utaratibu, na humwadhibu asiyeufuata. Hasani bin Ismail alimtungia Nguvumali, mganga maarufu wa kufichua wachawi, utenzi mzima wa sifa, lakini fundi wa kabureta hufanya kazi inayoshabihiana na hiyo bila kutungiwa chochote, kwani naye huitwa kwenye nyumba yenye washukiwa wengi na kuombwa amtaje mmoja. Mwenye gari asiye na subira humnyooshea kidole kabureta tangu mwanzo, kwa sababu ina skrubu zinazoonekana na bisibisi iko karibu. Huzungusha nusu mzunguko huku na robo mzunguko kule, hufurahi kwa jioni moja, na asubuhi hukuta injini haiwaki kabisa. Wengine humimina oili zaidi juu ya kabureta, mahali pa kile kizuizi kinachopunguza kasi ya pistoni yake kupanda. Oili hiyo husaidia gari linapokanyagwa ghafla, ila kwa sailensi ni sawa na kumpaka mgonjwa wa tumbo mafuta ya nazi kisogoni.

Anayeuheshimu mtetemo huanzia mbali na kabureta. Huanza na nafasi za valvu injini ikiwa baridi, ambazo katika injini hii ni milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.25 kwa za kutolea moshi, naye hukumbuka kwamba valvu inayogonga kidogo ni salama kuliko iliyonyamaza, maana iliyobanwa haifungi sawasawa, haipoi, na huungua bila kutoa sauti. Kisha huja pointi, vile vipande viwili vya chuma ndani ya distribyuta vinavyogusana na kuachana ili koili itoe cheche, ambavyo vikishalika nafasi yake ya karibu nusu milimita hupotea na muda wa cheche huhama. Kisha plagi, ambazo hung'olewa na kupangwa juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda zake: ya rangi ya udongo mkavu imekula vizuri, yenye masizi meusi imelishwa petroli kupita kiasi, nyeupe kama chokaa ina njaa, na iliyolowa oili inaleta habari ambazo hakuna anayetaka kuzisikia.

Kuna jaribio moja linalostahili kutazamwa kwa karibu, nalo halihitaji zaidi ya karatasi. Injini ikiunguruma, karatasi hushikwa karibu na mdomo wa bomba la moshi. Ikipepea kwa kusukumwa nje mfululizo, injini haina kesi kubwa. Ikisukumwa, kisha ghafla ikavutwa na kuubusu mdomo wa bomba, ikasukumwa tena na kuvutwa tena kwa mpigo usiobadilika, hushukiwa valvu ya moshi iliyoungua, ambayo silinda yake huvuta pumzi kupitia mlango wa kutokea.

Kabureta huja mwisho, na hapo mtetemo huonyesha ufundi wake wa ngoma. Katika 240Z kabureta ya mbele hulisha silinda ya kwanza hadi ya tatu, ya nyuma hulisha ya nne hadi ya sita, na zamu ya kuwaka ni 1, 5, 3, 6, 2, 4. Kwa maneno mengine mbele na nyuma hupokezana bila kukosea, kama chapuo na msondo. Kabureta moja ikivuta hewa kuliko mwenzake, mapigo hupata nguvu na unyonge kwa zamu, na injini huchechemea. Fundi mzoefu huweka ncha moja ya mpira mwembamba sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kila kabureta, akisikiliza mluzi hadi sauti mbili ziwe moja. Halafu huinua pistoni ya kabureta kwa kiasi cha milimita moja: injini ikipandisha kidogo na kurudi, mchanganyiko ni sawa, ikipandisha na kubaki huko, petroli imezidi, ikilegea na kutaka kuzima, petroli ni haba. Na kama mhimili wa mlango wa hewa umelika pembeni, hewa itapenya hapo na hakuna skrubu itakayoponya, jambo ambalo wenye magari hulikubali baada ya kununua kila kitu kingine.

Fadhila ndogondogo za mtetemo zinatosha kutajwa kwa pumzi moja: mwizi hukata tamaa gari linapomzimikia langoni, majirani hujua nani karudi, na kijana aliyetaka kushindana kwenye taa nyekundu hutazama kando kwa huruma.

Siku yote hayo yakishatengenezwa, fundi husimamisha sarafu kwa ubavu juu ya kifuniko cha valvu, nayo husimama. Mwenye gari hulipa, huondoka, na kwenye makutano ya kwanza hukuta mshale umetulia penye 750 na kioo kinaonyesha bodaboda mmoja tu. Hutega sikio. Hasikii hata valvu ikigonga. Basi hugeuza gari na kurudi gereji kuomba valvu zipimwe upya.